Vumbi la shantie na mpunga wetu: nani alizuie, na kwa njia gani



Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa pili, huku kwetu Bengamisa mvua inapungua. Ndiyo miezi ambayo mpunga wa msimu B unatoka shambani na kutandazwa juani, pamoja na mihogo, kahawa na kakao. Ndiyo miezi vilevile ambayo mashini za njia zinafanya kazi sana, kwa sababu udongo wa matope haumwagwi wala haushindiliwi. Kampuni ya njia inangojea jua lile lile tunalolingojea sisi. Njo maana kila mara kazi zinapoanza kwenye RN4, hapa kati ya Kisangani na Banalia, maulizo yanakuwa yale yale: hili vumbi nani atalizuia, na mpunga ulioharibika nani ataulipa?

Wengi wanajibu: "Vumbi ni ya Mungu, mvua itaimaliza." Jibu hilo si sahihi. Vumbi la shantie linatoka kwenye kazi ya watu, na watu wanaweza kulizuia kwa maji, kwa mwendo mdogo wa magari na kwa bashi. Sheria ya inchi yetu inamtaka mwenye kazi afanye hivyo kwa pesa yake. Lakini sheria inasaidia zaidi koperative iliyouliza karatasi za kazi mbele mashini hazijafika. Tena inatuhusu sisi wenyewe, siku tunapojenga depo yetu.

Kwa nini mvua yetu haitoshi

Kisangani na pembeni yake tunapata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Mgeni anaweza kujiuliza: inchi ya maji namna hii inasumbuka na vumbi kwa nini? Sababu iko katika udongo mwekundu wa njia. Udongo huo una chembe laini sana ndani yake. Ukiwa umelowa unashikana na kuwa mgumu. Lakini jua la saa chache tu linatosha kukausha sehemu ya juu, unene wa kidole. Kisha magurudumu ya kamio yanasaga sehemu hiyo kama mashini ya unga. Mvua inaweza kunyesha magaribi, na kesho yake saa sita vumbi linapanda tena.

Chembe za vumbi haziko sawa. Zile kubwa zinaanguka karibu na njia, katika meta chache. Zile ndogo zinabaki hewani na kwenda mbali. Chembe zenye kipimo cha chini ya mikroni 10 ni ndogo kuliko unene wa unywele wa mtu mara tano ao zaidi. Pua haiwezi kuzizuia zote. Zile ndogo zaidi zinafika mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Kwenye shantie, vumbi linatoka pahali pane. Pa kwanza ni magurudumu ya magari kwenye udongo mkavu. Hapa ndipo linapotoka kwa wingi. Pa pili ni kupakia na kumwaga udongo, kwenye kariere na kwenye njia. Pa tatu ni malundo ya mchanga na ya udongo yanayopigwa na upepo. Pa nne ni kukata mawe na matofali, na kufungua mifuko ya simenti. Kila pahali pana dawa yake, tutaziona hapa chini.

Vumbi linaharibu nini

Kwanza, mavuno yaliyotandazwa. Mpunga tunaukausha mpaka maji yaliyobaki ndani ya punje yafike karibu asilimia 14, ndipo uwekwe depo bila kuoza na ukobolewe bila kuvunjika mno. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa, na mara nyingi tunaifanya pembeni ya njia, kwa sababu ndipo pana uwanja mweupe na ndipo mnunuzi anapopita. Vumbi na kokoto ndogo zikiingia humo, zinakula chuma na chujio la mashini ya kukoboa, kisha zinabaki ndani ya muchele. Mama wa Kisangani akikuta mawe mara mbili kwenye sahani ya watoto, mara ya tatu ananunua muchele wa kutoka Asia. Kwa mihogo ni vilevile: vipande vyeupe vinageuka rangi, na fufu inasaga meno. Kahawa na kakao zinanyonya harufu na uchafu wa pahali zinapokaukia, na mnunuzi anashusha bei bila hata kueleza.

Pili, mimea yenyewe. Jani lililofunikwa na vumbi linapata mwangaza kidogo, na vitundu vyake vya kupumulia vinazibika. Tena wakulima wa inchi nyingi wamejua kwamba mimea ya pembeni ya njia za vumbi inashambuliwa sana na utitiri, wale wadudu wadogo kama buibui wanaonyonya majani. Vumbi linawasumbua wadudu wazuri ambao kazi yao ni kula utitiri. Mkiona mihogo ya mistari ya mbele inakuwa na madoa meupe kuliko ile ya nyuma, msikimbilie dawa ya kemikali. Angalieni njia kwanza.

Tatu, watu. Vumbi la njia linaamsha kikohozi, pumu na ugonjwa wa macho, hasa kwa watoto na wazee. Lakini lile la kuogopa zaidi ni vumbi la mawe na la simenti, kwa sababu lina silika. Silika ikiingia ndani ya mapafu haitoki tena. Inaacha makovu, na mtu anakosa pumzi kidogo kidogo. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya, na unamfungulia mlango kifua kikuu. Marekani, mwaka 1930 na 1931, wafanyakazi walichimba tunel ya Hawks Nest katika jimbo la West Virginia ndani ya jiwe lenye silika nyingi. Walitoboa kavu, bila maji na bila vifuniko vya pua. Mamia walikufa. Maji kwenye mashini za kutobolea yangewaokoa wengi wao, na maji hayo yalikuwa karibu: tunel yenyewe ilichimbwa ili mto upite ndani.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamwekea pia wajibu wa kuyatetea. Kwa hiyo koperative inayolalamika juu ya vumbi haiombi huruma. Inatimiza wajibu wake.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo inayoweka kanuni kubwa za kulinda mazingira. Kifungu chake cha 21 kinasema kwamba kazi yoyote inayoweza kuharibu mazingira, njia zikiwemo, inapaswa kufanyiwa uchunguzi mbele haijaanza. Uchunguzi huo unafuatana na mpango wa kusimamia mazingira na maisha ya watu. Watu wa ofisi wanauita PGES. Mwenye mradi ndiye analipa uchunguzi huo. Wanaoukagua ni Agence Congolaise de l'Environnement, yaani ACE, iliyoundwa mwaka 2014.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanatafuta katika sheria lita za maji ao kilometa kwa saa, hawazipati, wanasema sheria ni maneno matupu. Mambo hayo madogo-madogo yanaandikwa katika PGES na katika mkataba wa kampuni. Ndimo mnaposoma kwamba kamio itamwaga maji kwenye vijiji mara ngapi kwa siku, kwamba magari yatapunguza mwendo mbele ya masomo na masoko, kwamba udongo utafunikwa na bashi, na kwamba kutakuwa daftari la malalamiko. Kitu kilichoandikwa humo kiko ndani ya bei ambayo kampuni ilikubali. Kitu ambacho hakikuandikwa, kampuni itakifanya kama zawadi, siku inapotaka. Njo maana tunasema: ulizeni PGES mapema. Ombeni kwa chef de secteur, kwa ofisi ya mazingira ya territoire kule Banalia, ao kwa kampuni yenyewe.

Je, karatasi hizo zina nguvu kweli? RN4 kati ya Kisangani na Buta ni moja ya njia zilizoingia katika mradi wa Pro-Routes, ulioanza mwaka 2008 kwa pesa za Banki ya Dunia na za Uingereza. Mwaka 2017, wakaaji wa njia nyingine ya mradi huo, ile ya Bukavu–Goma, walipeleka malalamiko mbele ya jopo la ukaguzi la Banki ya Dunia. Yalikuwa mazito kuliko vumbi: jeuri juu ya wanawake na wasichana, na pia hasara kutokana na machimbo ya mawe. Mwezi wa Novemba mwaka huo banki ilisimamisha malipo ya mradi. Watu wa kijiji walisema, na pesa ikasimama. Mradi wowote wenye pesa za wafadhili wakubwa unapaswa kuwa na njia ya kupokea malalamiko, na mkaaji wa kawaida anaruhusiwa kuitumia.

Kuna pia sheria ya zamani ambayo bado inafanya kazi: kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha code civil. Kinasema kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Lakini anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha hasara yenyewe, kosa, na namna vitu hivyo viwili vinavyoshikana. Tutarudia jambo hilo tukifika kwenye daftari.

Namna ya kulizuia kwenye njia kubwa

Maji. Udongo mkavu unahitaji karibu lita moja kwa kila meta ya mraba ili vumbi litulie, na wakati wa jua kali inapaswa kurudiliwa mara mbili ao tatu kwa siku. Tufanye hesabu. Kijiji chenye urefu wa meta 500, njia yenye upana wa meta 6: ni meta za mraba 3,000. Kumwagia mara moja ni lita 3,000, yaani bidoni 150 za lita 20. Mara tatu kwa siku ni bidoni 450. Kazi hiyo haiwezekani kwa vichwa vya akina mama, na mtu asiwaombe kamwe. Ni kazi ya kamio yenye siterne, na kamio hiyo ni ya kampuni. Mkijua hesabu hii, mtaelewa pia kwamba bidoni kumi zinazomwagwa asubuhi mbele ya ofisi hazizuii kitu.

Maji yanatolewa mtoni, chini ya pahali watu wanapoteka, isiwe kwenye chemchem. Pompi ya kamio inaweza kumwaga mazuti, na chemchem iliyochafuliwa ni hasara kubwa kuliko vumbi. Chef wa kijiji na koperative waonyeshe pahali pa kuteka mbele kazi haijaanza, na waandike jambo hilo.

Mwendo. Gari likikimbia zaidi, linainua vumbi zaidi. Likipunguza mwendo kutoka kilometa 40 kwa saa mpaka 20, vumbi lake linapungua karibu nusu. Dawa hii haihitaji maji wala pesa, inahitaji amri na mtu wa kuisimamia. Kwenye njia zetu za udongo tumezoea barieri ya mvua: mvua kubwa ikinyesha, kamio nzito zinangoja mpaka njia ikauke, na kila mtu anaelewa sababu. Wakati wa jua tunahitaji akili ile ile, watu wawili wenye bendera kwenye mwanzo na mwisho wa kijiji, waliowekwa na kampuni na kulipwa nayo. Kazi hiyo vijana wa kwetu wanaiweza, tena PGES nyingi zinaomba wakaaji wapewe kazi kwanza.

Lakini tuseme wazi: bendera si barieri ya pesa. Vijana wakifunga njia kwa miti na kudai franka kwa kila kamio ao kwa kila toleka, malalamiko ya vumbi yatageuka kuwa kesi ya barieri, na koperative itapoteza haki yake yote siku moja.

Bashi. Kila kamio inayobeba mchanga ao udongo laini ifunikwe, na isijazwe kupita kingo zake. Malundo yaliyo pembeni ya njia yawekwe mbali na nyumba, masomo na viwanja vya kuanikia.

Programu ya juma. Hii ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Kila siku ya posho, koperative iulize mkubwa wa shantie: juma linalokuja mashini zitakuwa kwenye kilometa gani? Siku hizo mpunga usitandazwe pale. Mtu mmoja aliyechaguliwa anaweza kuzunguka na kutangaza mbele watu hawajaenda misa.

Oili ya vidanje hapana

Kila mara vumbi linapozidi, mtu wa gereji anajitokeza: "Mimi niko na oili ya vidanje, tumwage hapa, vumbi itakufa kabisa." Ni kweli, oili inatuliza vumbi. Ndiyo inayoifanya kuwa ya hatari, kwa sababu watu wanaona matokeo mazuri kwanza na sumu baadaye.

Katika miaka ya 1970, mji mdogo wa Times Beach, katika jimbo la Missouri kule Marekani, ulikuwa na njia za udongo zilizosumbua kwa vumbi. Zilimwagiwa mafuta machafu. Mafuta hayo yalikuwa yamechanganywa na takataka za kiwanda cha kemikali, zenye sumu inayoitwa dioksini. Mwaka 1982 sumu ilikutwa kwenye udongo wa njia. Mwaka 1983 serikali iliamua kuununua mji mzima, na wakaaji zaidi ya 2,000 wakahama moja kwa moja. Mji haupo tena.

Oili ya gereji zetu si sawa na ile ya Times Beach, lakini ina metali na masizi yanayoweza kuleta kansa. Mvua yetu inaisukuma mpaka mferejini, kutoka mferejini mpaka bondeni, na bondeni ndipo tuko na mpunga, bilanga vya samaki na visima. Pale iliposhuka, mmea hautamea kwa muda mrefu. Mtu akiileta, mumrudishe nayo.

Kinga ya mavuno: uwanja na uzio

Kampuni ikifanya kazi yake vizuri, vumbi kidogo litabaki. Sisi pia tuko na sehemu yetu. Kama pana nafasi, uwanja wa kuanikia uondoke pembeni ya njia na kuingia ndani, upande ambao upepo hauleti vumbi. Tandazeni juu ya bashi ao juu ya kitanda cha mianzi kilichoinuliwa mpaka kiunoni, si juu ya udongo. Gari likikaribia na vumbi likionekana, kunja bashi pande mbili. Kazi ya dakika moja inaokoa kazi ya siku tatu.

Kati ya njia na uwanja, pandeni uzio wa mimea. Uzio mzuri si ukuta mzito; upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuangusha vumbi nyuma yake. Uzio mzuri unapitisha karibu nusu ya upepo, na majani yanashika vumbi. Kinga yake inafika umbali wa karibu mara kumi ya urefu wake: uzio wa meta 3 unakinga mpaka karibu meta 30. Titonia, ile yenye maua ya manjano inayomea pembeni ya njia zetu, inakua haraka kutoka kwenye vipande vya shina. Kaliandra na leusena zinadumu zaidi. Pandeni mistari miwili, miti ya mstari wa pili isimame kwenye nafasi za mstari wa kwanza. Majani mnayokata ni mbolea nzuri kwa shamba la mboga.

Anzeni mvua zinaporudi mwezi wa tatu. Uzio unaopandwa siku mashini zinapofika hautakinga kitu.

Shantie yetu wenyewe: depo ya koperative

Sasa tugeuze kidole upande wetu. Koperative nyingi zinajenga depo, uwanja wa simenti ao nyumba ya mashini ya kukoboa. Siku koperative inapowalipa mason na wasaidizi wake, inakuwa patron. Sheria ya kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka patron alinde afya ya wafanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga havikatwi kwenye mshahara wao. Mfanyakazi anapaswa pia kuandikishwa kwenye CNSS, ambayo inashughulikia ajali za kazi na magonjwa yanayotokana na kazi. Kusema "ni watoto wetu wa hapa kijijini" hakuondoi wajibu huo.

Habari njema ni kwamba shantie ndogo inahitaji maji kidogo. Uwanja wa meta 20 kwa 15 ni meta za mraba 300: lita 300 kwa mara moja, yaani bidoni 15. Kwa arozwari mbili, vijana wawili wanamaliza kazi hiyo upesi. Fanyeni hivi:

1. Mwagieni uwanja asubuhi na saa sita, siku za jua. Msifagie kavu hata siku moja, nyunyizeni kwanza.

2. Mawe na matofali yalowekwe mbele ya kukatwa. Jiwe kavu chini ya nyundo ao msumeno linatoa vumbi la silika.

3. Mfuko wa simenti ufunguliwe ukiwa chini, umwagwe polepole karibu na mchanganyo, mtu akisimama upande upepo unapotokea. Mifuko mitupu isikung'utwe wala isichomwe.

4. Lundo la mchanga lifunikwe na bashi ao lilowanishwe. Liwekwe mbali na mashini ya kukoboa na nyumba za watu.

5. Kashene ya kitambaa inazuia vumbi nene tu. Kwa anayekata mawe ao kufungua simenti, nunueni vifuniko vya aina ya FFP2, na vibadilishwe vikichafuka. Lakini kifuniko kinakuja nyuma ya maji. Hakichukui nafasi yake.

6. Zungusheni shantie na uzio wa mianzi na matawi ya ngazi, urefu wa meta 2. Watoto wasipite ndani.

Vitu hivi viandikwe kwenye devis ya depo tangu mwanzo: bidoni, arozwari, bashi, vifuniko, na siku za kazi za vijana wa maji. Mfadhili akiviona mapema anavikubali bila shida. Mkivikumbuka katikati ya kazi, pesa imekwisha kwenda kwenye bati na misumari. Tena koperative ambayo uwanja wake unafuka vumbi itaiambia nini kampuni ya njia?

Namna ya kulalamika ili msikilizwe

Sauti ya mtu mmoja inasahaulika. Koperative iliyoandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu iliingia mwaka 2012, inatambulikana kama mtu mbele ya sheria: inaweza kuandika, kutia mhuri na kudai kwa jina la wanamemba wake wote. Tumieni nguvu hiyo kwa utaratibu.

Anzeni na daftari, na litunzwe na mtu mmoja. Kila vumbi linapoleta hasara, andikeni: tarehe, saa, kilometa ao jina la pahali, gari ao mashini ya aina gani, maji yalimwagwa siku ile ao hapana, jina la mwenye mavuno, mifuko mingapi, kilo ngapi, na mnunuzi alishusha bei kwa kiasi gani. Piga picha kwa telefone, mpunga na njia vionekane pamoja. Mashahidi wawili watie sahihi. Daftari linaweza kuwa la Kiswahili ao la Lingala; barua iwe ya Kifaransa. Pia chukueni mfuko mmoja wa mpunga uliokauka mbali na njia, muuweke pembeni ya ule wa njiani. Kuona tofauti kwa macho kunashinda maneno mengi.

Kisha fuateni ngazi. Kwanza mkubwa wa shantie, kwa barua yenye kopi aliyoitia sahihi kwamba ameipokea, na daftari la malalamiko la mradi. Mpeni muda ulio wazi, kwa mfano siku saba. Akinyamaza, nendeni kwa kampuni ya ukaguzi inayomsimamia, kwa Office des Routes na kwa chef de secteur. Kisha administrateur wa territoire kule Banalia, na ofisi ya mkoa ya mazingira kule Kisangani. Kama ni mradi wa mfadhili mkubwa, pelekeni kopi kwake. Juu ya afya ya wafanyakazi, mlango ni inspekta wa kazi.

Barua iombe vitu vinavyoweza kufanyika. "Mtulipe vumbi yote" ni maneno ambayo mtu anayatia kabatini. "Tunaomba siterne ipite mara tatu kwa siku kati ya soko na masomo, watu wawili wa bendera, na programu ya kila juma, tena tunaomba mje kuangalia mifuko ya mpunga iliyoandikwa kwenye daftari letu" ni maneno yanayohitaji jibu.

Kazi ya mwezi huu

Njia tunaihitaji. Bengamisa iko karibu kilometa 50 kutoka Kisangani, na njia mbaya inakula bei ya mfuko mbele haujafika sokoni. Hakuna koperative inayotaka mashini zirudi nyuma. Tunataka zipite na mpunga wetu ubaki mweupe, watoto wetu wakipumua vizuri.

Kwa hiyo, mkutano wenu unaokuja ufanye mambo manne: kumchagua mtu wa daftari, kuandika barua ya kuomba PGES kwa kila kazi inayotangazwa katika secteur, kupanga pahali pa uzio na mbegu zake, na, kama mnajenga, kuongeza maji na vifuniko kwenye devis yenu. Leteni daftari hilo tukipita katika ziara ya shamba. Tutalisoma pamoja na kusaidia barua ya kwanza.